Re: Majirani wanawezaje kufungana kisa rangi?

Mkuu umeuliza inakuwaje kamji kadogo Marekani ambako kila mtu anamjua mwenzake, halafu watu wanafungwa hovyo kisa rangi. Soma kesi ya Tulia, Texas. Mji wa watu kama 5,000 hivi, Julai 1999 alfajiri polisi wakazoa watu 46 kwa madai ya kuuza kokeini, wengi wao weusi, na ushahidi wenyewe ni neno la askari kanzu mmoja tu, Tom Coleman, hana rekodi ya sauti wala video, eti notsi alikuwa anaziandika mguuni! Gazeti la pale likaandika mitaa imesafishwa takataka, hata kesi hazijaanza, sasa hao raia waliokaa kwenye juri (lile jopo la raia linaloamua kama mshtakiwa ana hatia) si ndo wasomaji wake? Joe Moore, mfuga nguruwe, akala miaka 90. Mshtakiwa mwingine, Tonya White, yeye aliokolewa na karatasi ya benki iliyoonyesha kuwa siku ambayo Coleman alidai alimuuzia kokeini, alikuwa Oklahoma City, jimbo jingine kabisa. Gavana wa Texas, Rick Perry, alikuja kuwasamehe 35 mwaka 2003, wengine wameshasota karibu miaka minne, watoto wamelelewa na bibi zao. Inauma sana aisee. Kujuana peke yake hakumlindi mtu kama mlishazoea kumuona mwenzenu mhalifu.