Barua kwa mwanangu kuhusu shirika la shangazi yako

Mwanangu Nekesa,

Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili. Unasema unaandaa hotuba ya jubilei ya shangazi yako, na swali lako hukulizungusha: Mama Kevina alipoona wasichana wetu wanautaka utawa, mbona hakuwapokea katika shirika lake mwenyewe, akawaanzishia lingine la pembeni? Si ubaguzi huo, hata kama ulifanywa kwa sala?

Umeuliza jambo la haki. Lakini usianzie 1923, mwaka shirika lilipoanzishwa, kama wanavyofanya wahubiri wa jubilei. Anzia kwa yatima. Mama Kevina, kwa jina la kuzaliwa Teresa Kearney, alizaliwa 1875 huko Arklow, Ireland, baba yake akiwa ameshafariki. Mama yake naye akafa binti akiwa na miaka kumi, akalelewa na bibi. Aliingia kwa Masista Wafransisko wa Mill Hill, London, akapewa jina la Kevin, na Januari 1903 akafika Nsambya, Kampala, Uganda, na wenzake watano. Zahanati yao ya kwanza ilikuwa kivuli cha mwembe. Walitoa funza miguuni, wakafunga vidonda, wakafundisha. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokuja, waliwauguza wapagazi waliokuwa wakibebeshwa mizigo ya jeshi na kutupwa wakishachoka, na jinsi watu wale walivyotendewa ilimkasirisha sana. Mei 1923, pale Nkokonjeru, akaanza na wasichana wanane. Hao ndio Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Leo wako Uganda, Kenya na Tanzania, kwenye wodi na madarasa ambayo wewe mwenyewe umepitia.

Sasa, kabla ya ubaguzi, nikueleze siku ya Nkokonjeru. Unajua kwamba babu yako alikataa, na habari ya ng'ombe wa mahari unaijua. Usilolijua ni kwamba ng'ombe hawakuwa shida yake kubwa. Sisi tuliobaki nyumbani tulidhani ni ng'ombe, na yeye akatuacha tudhani hivyo.

Shangazi yako alipokuwa anaweka nadhiri za kwanza, babu alikubali kwenda siku ya mwisho kabisa, akanichukua mimi kwa sababu nilikuwa najua kusoma. Tulivuka mpaka wa Busia kuingia Uganda kwa basi. Alivaa koti lake la kanisani na hakusema neno hadi tulipofika. Sista mmoja mzee, Mwafrika, mikono imekakamaa kwa kufua, akatuletea chai. Babu hakuigusa. Aliuliza jambo moja tu: "Huyu akifa, atazikwa wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kesho yake binti anaweka nadhiri, na baba mtu anauliza kaburi! Lakini wewe unajua desturi yetu. Binti asiyeolewa hana mahali ndani ya boma la baba yake. Huzikwa pembeni, tena kwa haraka, kama mtu aliyepotea njia. Babu alikuwa amelibeba hilo miezi yote ile, na hakuna padre aliyewahi kumuuliza.

Sista hakushangaa. Alisimama, akamwambia, "Njoo, mzee." Akatupeleka makaburini. Babu akaniamuru nisome majina kwenye misalaba, nami nikasoma kwa sauti, moja baada ya jingine. Yalikuwa majina ya watu wetu: Waganda, watu wa mashariki, mabinti waliotoka makwao kama alivyotoka shangazi yako. Kisha tukaonyeshwa alipolala Mama Kevina. Babu akauliza, "Mzungu huyu naye yuko na hawa?" Sista akamweleza kwamba alifia Marekani mwaka 1957, alikotumwa kutafuta misaada akiwa mzee. Akazikwa kwao Ireland, Wakatoliki wa Uganda wakakataa, wakaomba mwili wake, na Desemba ya mwaka uleule ukaletwa Nkokonjeru. Babu akasema, "Basi." Tuliporudi ndani, akainywa ile chai, ingawa ilikuwa imepoa. Sijawahi kumwona mtu akinywa chai kwa heshima namna ile, na kila nikikumbuka moyo wangu unafurahi.

Ndiyo maana umenisikia nikisema tangu utoto wako kwamba mtu ni wa pale anapozikwa. Shirika lile lilikuwa na makaburi yake, na aliyetujibu alikuwa dada yetu, kwa lugha tunayoielewa. Je, wangepokelewa wasichana wale katika nyumba ya London, nani angemjibu babu? Wangekuwa wageni hadi kufa. Kwao wenyewe walikuwa walezi wa wanovisi, yaani wasichana wanaojiandaa kuweka nadhiri, wakuu wa shule, wauguzi. Na kumbuka, hadi 1936 Kanisa lilikuwa haliwaruhusu watawa kufanya kazi ya ukunga, katika nchi ambako akina mama walikuwa wakifa kwa uzazi. Kevina hakungoja. Pamoja na daktari mlei, Evelyn Connolly, alianzisha shule ya wauguzi na wakunga pale Nsambya. Mwanamke wa namna hiyo siwezi kumwita mbaguzi kirahisi.

Lakini nasikia utakavyonijibu. Utasema kuzikwa na watu si sawa na kuketi nao meza moja mkiwa hai. Ni kweli. Utasema pia kwamba mwaka 1952 alianzisha shirika la pili, Masista Wamisionari Wafransisko wa Afrika, makao yake Mount Oliver, Dundalk, Ireland, na wengi wao Waairishi. Miaka 29 baada ya Nkokonjeru, bado wao walikuwa na lao na sisi na letu. Hapo ndipo ninapokwama, mwanangu. Najiambia kwamba ndivyo maaskofu walivyotaka kila mahali; hata Bannabikira wa Masaka, masista wa Kiganda, walianzishwa hivyohivyo mwaka 1910. Halafu najiuliza tena: desturi ya kila mahali inageuka kuwa haki lini? Nikimtetea Kevina naona nawasahau wale wanane, ambao hakuna aliyewauliza wangependa lipi. Nikimlaumu, naliona lile kaburi.

Nina neno la kusema na linaniwasha, ila sitalisema kabla ya shangazi yako. Yeye ndiye aliyeishi ndani ya shirika hilo maisha yake yote, akawalea wanovisi, akajua nani alikula wapi. Mwandikie au umpigie simu kabla hujaandika hotuba, umuulize kama ulivyoniuliza mimi, bila kupunguza makali. Akishakujibu, nipigie na mimi nikwambie langu.

Baba yako