Shukeni mlikopandia: jibu kwa mkuu wa safari ya kilima cha Igogo, Mwanza

Mkuu, hilo la "tunapandia upande wa ziwani, jua likishazama tunashukia upande wa pili, kuna njia ya mkato inatokea lami" lifute. Lifute kwanza, ya viatu, chakula, watoto na gharama tutayaongea baadaye. Hiyo njia ya mkato naijua. Kuna vyuma viwili kwenye kifundo cha mguu wangu vinavyoijua zaidi, na mvua ikianza kujikusanya ziwani vinanipa taarifa kabla ya redio.

Najua umeitoa kwenye ile video. Jamaa kavaa sandozi, anashuka jiwe mbiombio huku anajirekodi, na maandishi "dakika kumi tu mpo lami". Hebu irudie uiangalie vizuri. Nyasi nyuma yake zimekauka kau na kivuli chake kimejikunja miguuni, yaani ni kiangazi na ni mchana wa saa sita. Halafu pale jiwe linapoanza kuinama, video inakatika. Inaporudi, bwana mkubwa yuko kwenye migomba anafuta jasho. Hapo katikati alipitaje? Hapo katikati ndipo nilipopita mimi, bila sandozi na bila kukatwa.

Nyinyi mnakwenda Novemba, jioni, mvua za vuli zimeshika. Mvua za huku nyingi hutoka ziwani usiku au alfajiri. Mchana linawaka jua, kileleni panakauka, watu wanapiga picha wanafurahi. Upande wa mashariki, huo mnaotaka kushukia, jioni umeshaingia kivulini, na ile michirizi myeusi unayoiona kwenye mawe yetu, mahali maji yanapopita kila mvua, bado imelowa. Ikiwa kavu unaikanyaga wala huna habari. Ikilowa ni mlenda.

Na jiwe lenyewe ni la mviringo, hili watu hawalitilii maanani. Ukipanda, uso wako uko karibu na jiwe, unaona kila ufa na kila mahali pa kuweka mguu. Ukishuka huoni kitu. Juu ni tambarare, unatembea unapiga soga. Linainama kidogo, kisha kidogo tena, na mbele yako unaona ukingo tu, baada ya ukingo mabati ya nyumba za watu. Unajiambia ngoja nisogee nichungulie. Mahali unapoweza kuchungulia ndipo mahali usipoweza tena kugeuka. Ongeza na zile changarawe ndogondogo: matale, haya mawe magumu ya huku, yanababuka magamba kwa jua na baridi, chembe zinabaki juu, ukizikanyaga kwenye mteremko zinaviringika chini ya soli.

Siku niliyoumia, sisi tulikuwa na kiongozi, kijana wa kazini aliyesema kakulia Igogo. Baadaye tukaja kujua kakulia Igoma, mtaa mwingine kabisa. Akasema twendeni, niko mbele. Kweli alikuwa mbele, mpaka jiwe lilipoanza kuinama, hapo akasimama kufunga kamba za viatu. Wa pili nikawa wa kwanza.

Watu wanadhani unaanguka puu. Wapi! Mguu ulikanyaga mchirizi, nikakaa chini kwa makalio, nikaanza kuteleza taratibu, kiasi cha kupata muda wa kumtaja kila aliyehusika. Nikajizuia kwa viganja, chembe za jiwe zikaingia kwenye ngozi, zilikuja kutolewa kwa sindano moja moja. Kisha nikatumbukia kwenye mwanya wa majabali mawili, mguu ukitangulia, nikausikia ukilia kah. Pimbi mmoja akatoka pangoni, akanitazama, akarudi zake.

Jua Mwanza linazama saa kumi na mbili na nusu na ushee, na ikifika saa moja ni giza. Wenzangu kule juu hawakuweza kunifikia, kwa hiyo wakaanza kugombana nani alileta wazo.

Aliyenisikia ni mtoto aliyekuwa anaanua nguo kwenye nyumba za chini. Vijana wakaja na ngazi ya fundi rangi na tochi za simu. Mmoja akanishika kwapani anivute, mama mmoja akafoka kutoka chini, "Mwache! Asivutwe huyo!" Akapanda mwenyewe na kitenge chake. Akaniuliza kama shingo inauma, akaniambia nichezeshe vidole vya miguu, kisha akaufunga mguu ulivyokaa, bila kuunyoosha, kwa mwiko wa ugali na kanga. Kijana akanipa soda, mama akampokonya: "Huyu huenda akapasuliwa usiku huu." Wakanilaza juu ya ngazi, wakanifunga na kanga nyingine, tukashuka vichochoro ambavyo hata pikipiki haipiti. Kufika kwenye gari ilikuwa saa nne.

Sasa niulize wale wenzangu waligombana wakashukaje. Walirudi walikopandia. Giza, tochi moja, watu wazima wanalia, na hakuna aliyechubuka hata kidole. Ndiyo maana nasema shukeni mlikopandia, hata kama aliyezaliwa juu ya hilo jiwe anawaambia kuna mkato.

Yule wa video nilimwandikia afute au aseme ukweli. Akanijibu vikatuni vya kucheka, kisha akanifungia. Video bado ipo, na wewe ndiye ushahidi.

Kabla hamjapanda, pigeni hodi nyumba ya mwisho chini ya jiwe, mseme mko wangapi na mnarudi saa ngapi. Likitokea la kutokea, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Watajie mtaa na mahali gari linapoishia, maana wakiambiwa "tuko kwenye mawe" Mwanza hii watatafuta mpaka asubuhi. Viatu: raba ya soli laini ambayo haijasagika. Watoto sikumbuki ulisema wa umri gani, na gharama waulize wengine. Geukeni saa kumi na moja na nusu. Machweo hata Kapripointi, kule kando ya ziwa, yapo, unayatazama umekaa kwenye kiti.