Plasta imechanika kama utando wa buibui, nyuzi za viroba zitasaidia?

SWALI: Habari fundi, niko Makambako, nimejenga kwa tofali za kuchoma. Wiki iliyopita tumepiga plasta ya nje, upepo wa huku si unaujua, kesho yake asubuhi naona vijinyufa vidogo vidogo kama utando wa buibui, na upande wa jikoni nikigonga na ufunguo panalia tupu. Fundi anasema tubandue yote, tupige upya tukichanganya nyuzi za viroba vya mahindi na ile gundi nyeupe ya mbao. Ni kweli au ananila hela? Mama Wawili.

JIBU: Kamwene mama. Fundi wako kuna kitu alikisikia ila kakichanganya. Hivyo vinyufa ni maji kukimbia, tofali kavu ya kuchoma inanyonya kwa ndani na upepo unanyonya kwa nje, sasa plasta inasinyaa saa chache za mwanzo kabla haijapata nguvu, lazima ichanike. Nyuzi zinasaidia hapo hapo, ila ziwe zile za polipropilini (aina ya plastiki) za kiwandani, nyembamba kama nywele, urefu kama milimita 12, gramu 600 hadi 900 kwa mita moja ya ujazo, yaani kwa mfuko mmoja wa saruji na mchanga mara nne ni kama gramu 100 tu. Kiroba nacho ni polipropilini kweli, hapo hajakosea, lakini nyuzi zake ni pana kama utepe na zimeshapigwa jua, kwenye karai zinajikunja zinakuwa kama kiota cha ndege, mwiko unazivuta unaacha mfereji.

Kulia tupu ni ugonjwa mwingine, plasta haijashika tofali. Dawa yake ni polima, yaani gundi ya kuchanganya na saruji, na nje ya nyumba usikubali gundi ya mbao maana ikilowa inalainika tena, masika ikija utarudi kuniuliza. Uliza SBR, gundi ya mpira ya majimaji, nyeupe kama maziwa. Lowesha ukuta, changanya SBR na maji sawa kwa sawa, weka saruji mpaka iwe nzito kama rangi ya mafuta, paka kwa brashi, halafu plasta ipigwe ikiwa bado inanata. Ikikauka kabla hujapiga umeharibu, inageuka utelezi, kwa hiyo pakeni kipande kidogo kidogo, na kwa upepo wenu ningeanza na ukuta ulio kivulini.

Kumwagilia: plasta ya kawaida siku 7. Ila kama umekoroga SBR ndani ya plasta yenyewe, siku moja au mbili inatosha halafu uiache ikauke, polima inataka kukauka ndio ijenge utando wake.

Tena msibandue yote! Bandueni jikoni tu mpaka tofali ionekane, kwingine kama hakulii tupu paka skimu ya nje (ule mpako mwembamba wa kulainisha ukuta) na rangi, hivyo vinyufa havibomoi nyumba.