Jibu: Vitabu vya kujiendeleza vinasaidia kweli?
Mkuu, umeuliza kama hivi vitabu vinambadilisha msomaji au vinamtajirisha mwandishi tu. Vyote viwili. Biashara yenyewe ya zamani, mwandishi mmoja, Samuel Smiles, alishatoa kitabu chake cha aina hii Uingereza mwaka 1859.

Mimi niko Tanga, nauza vitenge Ngamiani. Nilinunua kimoja cha mtumba, kurasa nyingi porojo za kuamka saa kumi alfajiri (kama vile hatuamki!). Ila ukurasa mmoja ulisema andika kila senti inayotoka. Nikafungua daftari. Wiki ya pili nikaona: kahawa na kashata za barazani, pamoja na wale ninaowalipia, shilingi 1,500 kila jioni. Kahawa sijaacha. Kuwalipia watu, nimepunguza.

Wewe unataka kurekebisha nini hasa? Taja, ndipo tukutajie kitabu.