Nimetolewa kizazi, mbona usiku silali?

SWALI: Habari za kazi dokta. Mimi ni mama wa miaka 46, niko Morogoro, nimefanyiwa oparesheni ya kutoa kizazi sababu ya fibroidi, sasa ni wiki ya pili niko nyumbani natumia tramadoli ya maumivu. Kidonda kinaendelea vizuri ila usiku nastuka saa nane nimelowa jasho, naota majinamizi mpaka mume wangu anaamka. Jirani anasema nusu kaputi bado iko mwilini, duka la dawa wamenipa Valium ya kunituliza nilale. Ninywe?

JIBU: Pole mama, Valium weka pembeni kwanza. Hiyo na tramadoli zote zinapunguza kasi ya kupumua, ukizichanganya usiku peke yako ni hatari, na sijui huyo wa dukani alikuuliza unatumia nini au alitoa tu.

Jirani naye hapana, nusu kaputi ya wiki mbili zilizopita haipo tena mwilini. Na ile haikuwa usingizi wa kawaida, kwa hiyo usihesabu kwamba ulilala. Kisu chenyewe, maumivu na homoni za stresi ndo vinavuruga, siku za mwanzo usingizi mzito na ule wa ndoto unapungua sana, halafu wa ndoto unarudi kwa fujo na majinamizi yake.

Ila mimi hilo jasho ndo nalitilia shaka. Tramadoli yenyewe inatoa watu jasho na kukata usingizi, muulize daktari wako kama sasa panadoli inatosha, ila usiache ghafla mwenyewe. Pili angalia karatasi uliyopewa ulivyoruhusiwa, au uliza, walitoa kizazi tu au na ovari, yaani vile vifuko vya mayai? Kama na ovari zimeenda basi umeingia ukomo wa hedhi kwa siku moja, na joto la usiku ndo dalili yake kubwa, hiyo inatibika, usikae nayo.

Dawa ya maumivu unywe kwa saa zake, dozi ya usiku karibu na kulala, usisubiri mpaka ikuume. Lala ubavu na mto katikati ya magoti. Mchana usilale sana, toka nje upate jua, na chai ya rangi ya saa mbili usiku iache jamani.

Ukipata homa, kidonda kikatoa usaha, mguu mmoja ukavimba na kuuma, au pumzi ikakata, nenda hospitali usiku huohuo, usingoje kliniki.