Faiba hukatika kila mlango unapofungwa

SWALI: Mhariri, fundi aliniwekea faiba nyumbani, Mombasa, akaupitisha waya kwenye pembe ya mlango. Sasa taa nyekundu iliyoandikwa LOS huwaka mara kwa mara na intaneti hukatika. Je, ninunue ruta nyingine?

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue. Ndani ya waya huo mna uzi wa kioo unaobeba mwanga, na ukikunjwa vikali mwanga huvuja njiani hata usifike kwenye kifaa. Hiyo ndiyo maana ya taa nyekundu. Itake kampuni imrudishe fundi akiwa na kipima mwanga, naye akuoneshe kipimo mbele yako: kikishuka chini ya -27 dBm (kizio cha nguvu ya mwanga; -28 ni dhaifu zaidi), mifumo mingi ya majumbani huyumba. Waya uliobanwa ubadilishwe, usifungwe utepe tu, upitie tundu la ukutani lililoinamia nje, na kabla ya kuingia uachwe ulegee kidogo ili maji ya mvua yadondoke chini. Usitie saini ya kuipokea kazi kabla ya hapo. Tena, ikiwa kuta zako ni za mawe ya matumbawe, ambayo huzuia sana Wi-Fi, ruta ikae katikati ya nyumba, si kabatini.