Toa huo waya kwenye fyuzi leo hii

Mkuu, nilikuwa nakusoma vizuri tu mpaka nilipofika hapo uliposema umeme wa pikipiki yako ulikufa ghafla, fyuzi (kile kiwaya kinachojikata umeme ukizidi) ikakata mara mbili siku moja, "fundi akaweka kipande cha waya wa shaba na sasa inatembea freshi." Nikaweka kikombe chini. Hayo mengine uliyouliza, betri ya maji au kavu, taa za LED, indiketa zinazopepesa kama zina homa, yasubiri. Pikipiki ina miaka kumi na nane, tanki limejaa petroli, na chini ya tanki hilohilo umepitisha umeme usio na mlinzi. Utoe huo waya. Leo.

Najua utasema mbona inatembea. Yangu pia ilitembea. Ilitembea kutoka Melela mpaka kupita Doma, njia ya Morogoro kwenda Mikumi, tena nikiimba.

Nilikuwa na pikipiki ya cc 125 ya kupiga kiki niliyorithi kwa marehemu baba mdogo. Asubuhi nikiitoa uani Morogoro, fyuzi ikakata. Nikaweka nyingine, nikashika njia ya Mikumi. Nilipoingia kijiweni Melela kununua maji, ikakata tena. Honi hakuna, indiketa hakuna, taa ya breki hakuna. Injini iliendelea kuunguruma kwa sababu CDI ya mashine ile (kifaa cha kutoa cheche ya plagi) inakula umeme wa sumaku ya injini moja kwa moja, haina habari na betri. Fyuzi ya akiba sina. Akaja fundi.

Huyu bwana sitamsahau. Hakushika mita ya kupimia umeme, hakufungua hata kava la ubavuni la upande wa pili. Alivuta waya kwenye spika mbovu iliyokuwa chini ya benchi, akaumenya kwa meno, akausokota mara tatu, akauchomeka pale inapokaa fyuzi. "Bosi, fyuzi za siku hizi feki, ndiyo maana zinakata kata. Hii haikati maisha." Kwa hilo la mwisho alisema kweli, nampa haki yake. Akachukua elfu tano. Na kijiwe kizima kilikuwa kinatikisa kichwa kama wazee wa baraza, hakuna hata mmoja aliyeuliza, jamani, fyuzi inakata kwa nini? Mimi mwenyewe, niliyesoma fizikia mpaka kidato cha nne nikachora na saketi, nikasema asante fundi. Msinicheke, jua lilikuwa kali.

Mbele ya Doma nikabanwa haja. Nikaegesha pembeni, nikazima, funguo mfukoni, nikaingia vichakani. Nageuka naona moshi mweupe mwembamba unatoka chini ya tanki, pale shingoni. Injini imezimwa! Nikapapasa mfuko kuhakikisha funguo ninazo. Ninazo. Moshi unaongezeka, na harufu ile ya plastiki inayoungua ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau.

Hapa sasa ndipo nataka unisikilize. Waya mwekundu unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, unakwenda mbele mpaka kwenye swichi ya funguo. Ukizima funguo, unakata kinachotoka kwenye swichi. Kipande kilichotoka betri mpaka kwenye swichi kina umeme saa zote, usiku na mchana, hata ukilala. Mlinzi wake ni mmoja tu, fyuzi, na mimi nilikuwa nimemlipa mtu elfu tano amfukuze kazi.

Spana namba 10 ya kufungua betri nilikuwa nimemwazima shemeji. Nikang'oa kava kwa mkono, nikashika ule waya wa spika nikauvuta. Ulikuwa umekuwa mwekundu kama kaa la mahindi. Kidole gumba na cha shahada vina alama mpaka leo, mstari mmoja, umenyooka kama nimepigwa pasi. Lakini ukatoka, na moshi ukakata. Kama zile plastiki zingewaka moto kabla sijarudi kutoka vichakani, sijui ningewaeleza nini nyumbani, maana hata zipu sikuwa nimefunga.

Kirikuu ya kunirudisha Morogoro elfu 40. Waringi mzima, yaani waya zote za pikipiki, kwa sababu waya mwekundu uliyeyusha wenzake wote wa pembeni wakagandana kama tambi, elfu 75. Betri nayo ikawa imekufa, elfu 45. Ufundi elfu 50. Jumla 210,000. Fyuzi pale dukani ilikuwa 500, kwa hiyo nimeunguza fyuzi 420 kwa mchana mmoja. Elfu tano za yule bwana sijaziweka, zinaniuma kivyake.

Na ugonjwa wenyewe? Fundi umeme wa mjini, mzee mmoja mpole asiyependa maneno, alivua taa ya mbele akanionyesha. Shingoni, pale waya zinapopita kati ya usukani na fremu, ule mwekundu ulikuwa umechubuka sehemu ndogo kama punje ya mchele. Ukikata usukani kushoto mpaka mwisho, shaba inagusa chuma, inapiga shoti. Ndipo nikakumbuka: asubuhi uani nilikata kona kali kushoto. Kijiweni Melela, kushoto. Na pikipiki ukiiweka kwa stendi ya ubavu usukani unalala upande gani? Kushoto. Fyuzi ilikuwa inanieleza tangu asubuhi. Utepe wa kuzungushia hapo ungetosha kabisa.

Kwa hiyo mkuu, zile fyuzi mbili zilipokata ulikuwa unafanya nini? Unakunja kona, unashika breki, unapiga honi, umepita kwenye tuta? Kaa ukumbuke, hilo lina thamani kuliko spea yoyote utakayoambiwa ununue.

Ukishautoa waya, tafuta balbu ya indiketa ya 12V, ya wati 21 (kama mashine yako ni ya zamani sana ya 6V, tafuta ya 6V), pamoja na kikombe chake (holda) chenye waya mbili. Ziunge pale fyuzi inapokaa. Balbu hiyo ya 12V haipitishi hata ampea mbili, kwa hiyo hata kukiwa na shoti hakuna kitakachoungua, itawaka yenyewe tu. Funguo zikiwa zimezimwa, balbu ikae kimya. Ikiwaka kwa nguvu zote, shoti iko kwenye huo mwekundu wa kwenda swichi, au rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa injini uchaji betri) imepasuka. Chomoa soketi ya rektifaya, balbu ikizimika umempata. Kama tangu mwanzo balbu ilikaa kimya, zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia, taratibu, huku jicho liko kwenye balbu. Minya minya waya shingoni, chini ya tanki, chini ya siti. Bado kimya? Washa funguo, kisha jaribu breki, honi, indiketa, kimoja kimoja. Mwanga hafifu ni kawaida, kitu kinakula umeme. Mahali balbu itakapong'aa ghafla kama imefungwa betri moja kwa moja, hapohapo simama ufungue. Ukimaliza weka fyuzi ya namba ileile iliyoandikwa. Ilikuwa ya ampea 10, weka 10, na mtu akikupa ya 20 akasema ni imara zaidi, mrudishie.

Na huyo fundi wako akikwambia fyuzi za siku hizi feki, muulize kama ana ndugu Melela.

NYONGEZA: Naona umeuliza tena hapo chini, "vipi sasa kuhusu betri, maji au kavu?" Mkuu. Waya umetoa?